Kabla ya Maji

Somo yangu,

Huku London baridi imetukalia. Juzi nimekukumbuka mno: chumba chako cha uani, mkeka, na ile ndoo ya maji uliyotia asumini. Ulinifunza kuoga na kujitwahirisha, ukaniambia mwanamke akipatwa na jambo lolote aanze na maji. Leo nakuandikia kuhusu maji hayo hayo.

Unajua kazi yangu ni ukalimani. Mara nyingine huitwa kwenye kituo kinachopokea watu waliobakwa. Niliyoyasikia humo siyasemi, hata kwako. Ni amana ya wenyewe. Chumba chenyewe lakini nilionyeshwa kabla sijaanza, na hicho nitakusimulia.

Kuna kitanda kilichotandikwa karatasi nyeupe. Pembeni vijiti vyenye pamba kichwani, kila kimoja na kichupa chake, kwa kuchukua chembe za mwili wa aliyefanya uovu. Nguo alizokuja nazo mtu hutiwa katika mifuko ya kaki. Haziwekwi kwenye nailoni, maana nailoni hufungia unyevu, nguo zikavunda, ushahidi ukapotea. Daktari haanzi bila ruhusa, na kila hatua huomba upya. Mgonjwa akisema basi, ni basi. Na nyuma ya mlango wa pili, Somo, kuna bafu: sabuni mpya, taulo, nguo safi zimekunjwa. Maji yapo. Yanakuja mwisho.

Kituo cha kwanza cha namna hii Uingereza kilifunguliwa Manchester, hospitali ya St Mary's, mwaka 1986. Mtu huja mwenyewe, mwanamke au mwanamume, halipi kitu, wala halazimishwi kupitia polisi. Asipokuwa tayari kushtaki, vielelezo vinaweza kuhifadhiwa kwenye friza huku akijifikiria. Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Sisi tumekua tukijua kwamba unaanza polisi kuchukua fomu yao, PF3, ndipo daktari akutazame. Msichana anasimama kaunta, anaulizwa mbele za watu alivaa nini, na saa zinakwenda.

Na saa ndizo zenye kuamua. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianzwe ndani ya saa 72, tena mapema iwezekanavyo, zimezwe siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba hutegemea aina, vingine hadi siku ya 5. Chembe za ushahidi hupungua kila anapooga, anapofua, anapopiga mswaki.

Najua utaniuliza habari ya sala. Mtoto wa watu anajiona ana uchafu usiobebeka, na wewe mwenyewe umemfunza janaba haikai. Sisemi asioge. Nasema aende hospitali kwanza, na wenye elimu ya dini wawaambie wanawake jambo hili waziwazi, wasiwaache wakilibeba peke yao usiku. Na kama ameshaoga, aende vilevile. Dawa bado zitamfaa, majeraha yatatibiwa, na huenda kitu kikapatikana. Asije mtu akamwambia amechelewa akarudi kulala.

Hapo Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mshauri wako mahali pamoja. Wari wako wanakijua? Mimi ulinifunza kila kitu cha mwili wangu, ila hili hukunifunza, na sikulaumu; nawe hukufunzwa. Mwaka huu wakikaa mkekani, baada ya kuwaonyesha ndoo, waonyeshe na mfuko wa kaki.

Ikiwa ulimi utakuwa mzito, ningoje. Nakuja Rajabu, Inshallah, nitakaa kando yako niwaambie mimi.

Mwari wako,
London