Mwalimu Iruka na Dawati la Nyuma

Likizo ya Desemba iliyopita wajukuu zangu wawili walikuja Muleba kutoka Bukoba mjini. Jioni moja walibishana barazani hata ndizi zikapoa sahanini. Nilidhani ni mambo ya mpira. Kumbe ni Naruto, katuni ya Kijapani ya mvulana ninja, iliyotungwa na Masashi Kishimoto na kuanza kuchapishwa mwaka 1999. Katika televisheni ilionyeshwa kuanzia 2002 hadi 2017, jumla ya sehemu 720, na wao wanatembea nazo katika simu.

Mvulana alishikilia kuwa hakuna hadithi inayoipita. Naruto ni yatima aliyefeli mtihani mara tatu, akainuka kwa jitihada zake hadi kuwa Hokage, yaani mkuu wa kijiji. Dada yake akamkatiza: "Jitihada gani? Baba yake alikuwa Hokage wa Nne! Anamhubiria Neji kwamba mtu hafungwi na kuzaliwa kwake, kumbe yeye mwenyewe kazaliwa na kila kitu. Mwenye jitihada ni Rock Lee, aliyenyimwa vipaji vyote akabaki na mikono na miguu yake tu."

Wakanigeukia. "Babu, wewe ulikuwa mwalimu mkuu. Amua."

Nikawajibu kwamba hakimu haamui kesi asiyoisikiliza. Basi wakanionyesha sehemu ya kwanza, huku wakinitafsiria kwa zamu.

Ndugu msomaji, nilianza kutazama nikitabasamu. Nikaona mtoto ambaye kijiji kizima kinamkwepa, kwa sababu ndani yake amefungiwa mbweha mwenye mikia tisa aliyewaua watu wengi. Mtoto hana kosa, wala hajui sababu. Mwalimu wake, Iruka, wazazi wake mwenyewe waliuawa na mbweha huyo. Hata hivyo ndiye anayempeleka mtoto kula tambi, na silaha iliporushwa alimfunika, ikamchoma yeye mgongoni.

Tabasamu likanitoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini mwetu walikuwa wa mkoa huu wa Kagera, mwaka 1983. Watu wetu waliuita ugonjwa huo Juliana. Miaka michache baadaye madarasa yetu yalijaa yatima. Mwaka 1991, nikiwa mwalimu mkuu huku Muleba, tulikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyewazika baba na mama katika mwaka mmoja. Wenzake walikataa kukaa naye. Wazazi wao wakaja ofisini kwangu, wengine wakiwa rafiki zangu. Nilijua vema kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kukaa dawati moja. Lakini nilitaka amani. Nikamhamishia dawati la nyuma, peke yake, nikaliita jambo hilo busara.

Hakulia. Alibeba daftari zake akaenda. Muhula uliofuata hakurudi, nami sikwenda kwao kumwuliza bibi yake, ingawa nyumba yao ilikuwa ng'ambo tu ya migomba.

Chuoni tulifundishwa kupanga madawati ili kila mtoto aone ubao. Hatukuambiwa kwamba dawati linaweza kuwa hukumu. Lakini je, jambo hilo lilihitaji kufundishwa?

"Babu, umeamua?" wakauliza.

Nikawaambia kwamba wote wawili wamesema kweli nusu. Naruto alikuwa na jitihada, na alikuwa na asili. Lakini Rock Lee naye, kwa walivyonieleza, alikuwa na mwalimu aliyemwamini. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla ya kuuliza nani hodari, ulizeni nani alikaa karibu naye alipokuwa hana mtu.

Mjukuu wangu wa kike akaniuliza kama mimi nilikuwa Iruka wa mtu. Nikawasimulia habari ya lile dawati, bila kuficha. Hawakubishana tena usiku ule.