Mwaustralia Aliyelala Voi

Wasomaji wapenzi wa Musoma, Bunda na Butiama, habari za vita kuu ya kwanza mmezisikia, na ziwa letu liliiona. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walipanda meli Kisumu, wakavuka kwenda kuipiga Bukoba, wakauangusha mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakarudi. Katika jeshi hilo ilikuwamo batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, watu wa ajabu kweli: wawindaji, wasafiri wa nchi za mbali, hata wazee waliopita miaka 60 kama Frederick Selous.

Wa batalioni hiyo mmoja napenda umjue. Ukitaka kumfikia, toka Musoma, pita Bunda, ikate Serengeti hadi Arusha na Moshi, kisha vuka mpaka pale Holili uingie Taveta. Kutoka hapo ni nyika tupu, miiba na vumbi jekundu, Kilimanjaro ukiuacha nyuma. Kabla ya Voi utapita Maktau, mahali padogo penye reli. Reli hiyo Waingereza waliijenga mbiombio kutoka Voi wapate kumfuata Mjerumani, aliyekwisha kuishika Taveta tangu Agosti 1914. Naye alikuwa akija kuitega baruti.

Hapo Maktau, tarehe 3 Septemba 1915, alikufa Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia, mwenye miaka 30 na mke. Siku hiyo walitoka kuwavizia Wajerumani, wakazidiwa. Dartnell alipigwa risasi mguuni. Angalia sasa: wenzake walikwisha kumbeba, wanamwondoa. Lakini majeruhi waliokuwa na hali mbaya zaidi hawakuweza kuondolewa, adui yu karibu mno. Akashikilia aachwe pamoja nao, akitumaini kwamba akiwapo ataokoa maisha yao. Akauawa. Alipewa Victoria Cross, nishani ya vita iliyo kubwa kuliko zote za Waingereza, wala hakuivaa.

Waingereza waliandika kwamba askari weusi wa Mjerumani walikuwa wakiwaua majeruhi. Neno hilo nalisoma kwa tahadhari, maana wengi wa askari wale walikuwa watu wa nchi yetu hii, na vitani kila upande humsimulia adui kwa ubaya. Lakini uamuzi wa Dartnell haupungui. Yeye aliyaamini hayo, akabaki.

Kaburi lake liko Voi, katika makaburi ya vita, na jina lake juu yake. Selous naye aliuawa Beho Beho Januari 1917, akazikwa huko huko, ndani ya hifadhi iliyopewa mwaka 2019 jina la Nyerere, mwana wa Butiama. Na wapagazi je? Waliobeba chakula, risasi na majeruhi wa pande zote mbili walikufa maelfu kwa maelfu, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Wengi wao walizikwa kando ya njia, bila jiwe.