Cha Kupeleka Mezani Badala ya Pai

Kolandoto, Shinyanga
3 Novemba

Mwanangu Masanja,

Mvua imeanza kwa kubahatisha, jana imenyesha upande wa Ibadakuli ikaturuka sisi. Baba yako bado yuko Geita, anasema atarudi kulima, na wewe unamjua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Umealikwa kwao rafiki yako huko Ohio, Marekani, Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi huu, na mama mwenye nyumba amekuambia ulete kitu kitamu cha baada ya chakula, chochote isipokuwa pai, maana pai wanazo za kutosha. Umefanya vizuri kuuliza. Kwa mwanamume wa Kisukuma kutuma ujumbe Kolandoto kuuliza habari za jikoni, nimecheka mpaka jirani akaja kuona kuna nini.

Tatizo lako ni kwamba sisi hatuna chakula cha baada ya chakula. Ugali ukiisha unanawa, unakunywa maji, mazungumzo yanaendelea. Vitu vyetu vitamu vina saa zake. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, ni ya asubuhi na chai, au ya kutafuna shambani jua likipanda. Kitumbua ni cha chai. Kashata ni ya njiani. Hakuna hata kimoja kilichobuniwa kimfuate mtu aliyekwisha kushiba, na huko utawakuta wameshiba kweli: bata mzinga, viazi vya kuponda, mchuzi mzito, mikate. Kwa hiyo tafuta kinacholika kipande kidogo, kinacholika kikiwa kimepoa, na kinachovumilia gari. Hapo vitumbua vimeshatoka. Kitumbua kikipoa kinakuwa mpira, na ukikipasha kwenye maikrowevu utaniaibisha.

Boga usilipeleke kabisa. Najua umewaza boga la nazi, kwa sababu ni msimu wao wa maboga na ni rahisi. Lakini pai yao kubwa ya siku hiyo ni ya boga, na kila atakayeonja lako atalipima na la mama yake. Huwezi kushinda. Viazi vitamu navyo wanaviweka mezani kama mboga, wakati mwingine na sukari juu. Tena vile vyao vya rangi ya chungwa vina maji mengi, havishiki kama vyetu. Ungekuwa na michembe ya hapa, ile tunayokata mbichi na kuanika mwezi wa saba, ningekuambia uichemshe taratibu mpaka ilainike, uiunge kwa karanga zilizotwangwa na asali kidogo. Asali nzuri siku hizi inatoka kwenye ngitili, malisho yetu ya akiba, ambako miti imerudi sana tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986. Lakini michembe huna, na kuianika mwenyewe Ohio mwezi wa kumi na moja ni ndoto.

Usione haya kwamba unabadilisha desturi ya watu. Wao wenyewe waliibadilisha hapa hapa. Hospitali yetu ya Kolandoto ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission, wengi wao Wamarekani, na sikukuu yao hii walikuja nayo. Lakini tufaa la kutengenezea pai lingetoka wapi Usukuma? Bibi yako aliyepika kwao alitusimulia kwamba walichuma embe changa, bado ngumu na chachu, wakazimenya, wakazikata nyembamba, wakatia sukari na mdalasini, wakazifunika kwa unga. Mgeni aliyekula hakutambua kwamba si tufaa. Tena mwezi huu ndio embe zenyewe zinakuwa changa mitini, kana kwamba zilipangiwa. Msimulie mama mwenye nyumba habari hiyo mkiwa mezani, ataipenda kuliko zawadi.

Sasa shauri langu: mkate wa kumimina. Huo si wa kwetu kwa asili, ni wa pwani. Nilifundishwa na jirani aliyetoka Tanga, na yeye anaupika Ramadhani na Idi. Lakini mchele ndio kiini chake, na mchele ni wetu, majaruba ya Shinyanga unayajua. Unakatwa pembe kama pai, kwa hiyo hakuna atakayeuliza unaliwaje. Hauna ngano hata chembe, na huko kuna watu wengi wasiokula ngano ambao siku hiyo hukaa wanawatazama wenzao.

Chukua mchele mweupe vikombe viwili, mrefu, usionata. Soma pakiti vizuri. Ukikuta umechemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa, urudishe rafuni. Loweka usiku kucha. Asubuhi chuja maji yote, saga kwenye blenda pamoja na tui zito la kopo, kikombe kimoja na nusu, na hamira kijiko kimoja cha chai. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie punje. Hapa ndipo wengi wanapochoka mapema, na mkate wa mchele usiosagika unakuwa na mchanga mdomoni. Uji wake uwe mzito wa kumiminika polepole. Ukiwa mwepesi mkate hautainuka. Tia sukari kikombe kasorobo, chumvi ya kubana kwa vidole, na iliki uliyoitwanga mwenyewe. Iliki ya unga ya dukani imekwisha kufa harufu.

Funika, weka mahali pa joto. Huku saa moja inatosha, huko kwenye baridi weka ndani ya oveni iliyozimwa, uwe mvumilivu. Ukiona mapovu yamejaa juu, usikoroge tena. Pasha sufuria isiyo na mpini wa plastiki, ipake mafuta chini na pembeni, mimina, acha kwenye moto mdogo mpaka pembeni paanze kushika. Kisha ingiza kwenye oveni, nyuzi 350 za kwao, ambazo ni kama 180 zetu. Chungulia baada ya nusu saa. Juu pawe na rangi ya dhahabu, na kijiti ukichoma kitoke kikavu. Acha upoe kabisa kabla ya kuugeuza. Upike Jumatano. Ukilala usiku mmoja, utamu wa nazi unaingia ndani.

Pembeni peleka kashata kidogo, za kuliwa na kahawa wakati wanaume wanatazama mpira wao ule wa kugongana. Karanga vikombe viwili, kaanga bila mafuta, sugua maganda, pepeta. Huna ungo, pulizia nje. Sukari kikombe kimoja na maji robo kikombe, chemsha bila kukoroga mpaka iwe rangi ya asali, mwaga karanga na iliki, geuza haraka, tandaza kwenye sinia uliyopaka mafuta, kata ingali moto. Usionje kwa kidole, sukari hiyo inaunguza kuliko maji ya ugali. Wakikuambia hiki ni kitu cha Afrika, kubali, lakini ujue karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, zilivuka bahari kuja kwetu. Zimerudi tu kutembea.

Ila kabla hujanunua karanga, mpigie mama mwenye nyumba umuulize kama kuna mtu anayedhurika nazo. Nilifanya kazi wodini muda wa kutosha kujua uso unavyovimba na koo kufunga, si jambo la kuona haya kuuliza. Akisema yupo, tengeneza za nazi iliyokunwa, na vyombo vyote uvioshe kwanza kwa sabuni na maji ya moto, maana kijiko kimoja kilichogusa karanga kinatosha kumletea mtu shida.

Ubuyu wa rangi ule unaoupenda, uache chumbani kwako. Utawapaka wekundu vitambaa vya meza, halafu uanze kuwafundisha kutema mbegu mbele ya wageni wao.

Fika mapema usaidie kupanga viti. Mkate uweke kwenye sahani yako mwenyewe, si ya kukodi wala ya kopo, na ukiondoka wakikujazia mabaki ya bata mzinga kwenye sahani hiyo, chukua. Kwao ndiyo desturi, na mtu akikataa wanadhani hakula vizuri. Hata hapa chombo hakirudi kitupu.

Nitumie picha ya mkate kabla haujakatwa. Jirani wa Tanga anataka kuukagua.

Shangazi yako