Vijana Wetu na Methali ya Samaki



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twapenda kuzungumza na wazazi wenzetu, hasa kina mama, juu ya jambo linalotutia simanzi: namna tunavyowatazama vijana waliokosea, na hata wasiokosea.

Sisi ni wanawake wa Pwani tulioolewa huku Kakamega. Ndugu zetu wa Mombasa wakitupigia simu husema bara kuna salama, kwao vijana wamewamaliza kwa mapanga. Majirani zetu wa huku nao husema walioharibika ni watoto wa Pwani. Kila upande humwona mwizi ng'ambo ya pili. Lakini katika borstal za wavulana nchini Kenya, moja iko Shimo la Tewa, Pwani, na nyingine iko Shikusa, papa hapa Kakamega. Zote mbili hupokea wavulana waliotimiza miaka 15 na hawajafika 18, kwa muda usiozidi miaka 3. Msiba ni mmoja.

Mapema mwaka 2019, eneo la Matungu katika kaunti hii lilikumbwa na mashambulizi ya usiku. Watu waliuawa, na jina la genge la 42 Brothers likawa midomoni mwa kila mtu. Hatutaki kuupunguza uchungu wa waliofiwa. Hata hivyo, tangu siku zile, vijana watatu wakisimama njiapanda baada ya magharibi, watu hubadili njia. Wachache ndio waliouliza vijana wale walikuwa wakiishi kwa nini, ilhali miwa iliyolipa karo haikulipa tena, na kiwanda cha sukari cha Mumias, baada ya kudhoofika kwa miaka, kikawekwa chini ya mrasimu mwaka huo huo. Ufukara haumhalalishii mtu damu ya mwenziwe. Lakini asiyejua moshi watoka wapi hawezi kuuzima moto.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo yawafaa samaki, haiwafai wana wa Adamu. Mwaka 1972, mtaalamu Marvin Wolfgang na wenzake walichapisha utafiti juu ya wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia Philadelphia, Marekani. Takriban thuluthi moja waliwahi kukumbana na polisi, na wengi wao hawakuwa wakosaji sugu. Zaidi ya nusu ya makosa yote yalitendwa na wavulana 627 tu, yaani 6 katika kila 100. Tafiti za nchi nyingi zaonyesha pia kwamba makosa huongezeka katika ujana, kisha hupungua mtu anapoingia utu uzima, akapata kazi na familia. Basi anayemfungia mlango kijana wa miaka 16 kwa kosa moja huenda anamfukuza mtu aliyekwisha kuanza kurudi.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelizingatia hilo. Umri wa mtoto kuwajibika kwa jinai umepandishwa kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na ovu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tena yaruhusu mtoto aepushwe na kesi, aombe radhi, arudishe alichochukua, au awekwe chini ya uangalizi. Kwetu Waislamu si jambo geni, kwani fiqhi yetu haimwandikii dhambi mtoto asiyebaleghe.

Yupo kijana wa mtaa wetu, jina lake twalisitiri, aliyerudi kutoka borstal na ufundi wa useremala mikononi. Akiingia msikitini, wapo wanaorudi mlangoni kutazama viatu vyao. Mamake ametuuliza kama ampeleke Pwani kwa jamaa, mahali asipojulikana. Tumemjibu: akijificha leo, atajificha maisha yake yote. Mmoja wetu amempa kazi ya kutengeneza kabati, mwingine vitanda viwili. Hatujui kesho yake, Allah ndiye Mjuzi; twajua tu kwamba mkono ulioshika randa una shughuli.

Kina mama, tuzikumbuke habari za Nabii Yusuf (A.S.). Nduguze walimtupa kisimani, wakamdanganya baba yao, na Nabii Yaaqub (A.S.) akalia hata macho yakamtoka nuru. Lakini hakuwafukuza wanawe nyumbani, na walipokuja kukiri kosa lao, aliwaahidi kuwaombea maghufira. Kuadhibu kuna mahali pake, na aliyedhulumiwa ana haki yake. Bali adhabu ikiisha, iishe na kwetu pia: kwenye salamu zetu, kwenye kazi tunazotoa, na kwenye maneno tunayosema mbele ya watoto wetu wadogo.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu, awarehemu waliodhulumiwa, na atupe subira ya kulea. Amin.