Vidole vya Mtunzi

Likizo iliyopita mjukuu wangu alirejea hapa Kanoni kutoka chuoni, ambako anasomea utunzi wa programu za kompyuta. Desturi yake akifika ni kwenda moja kwa moja jikoni kwa bibi yake kuulizia ndizi na maharage. Safari hii aliketi nami barazani, akaitazama migomba kwa muda mrefu, kisha akasema, "Babu, nadhani fani hii si yangu."

Nilidhani amefeli. La, alama zake ni nzuri. Ofisi moja ilikuwa ikichagua wanafunzi wa kufanya mafunzo kwa vitendo, na pamoja na maswali mengine ikawapima kuchapa kwa dakika tano. Wenzake waliokulia katika nyumba zenye kompyuta walijaza ukurasa. Yeye aligusa kibodi kwa mara ya kwanza akiwa kidato cha tatu, wanafunzi watano kwa mashine moja. Alikuwa akitafuta herufi kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa mtama. Hakuchaguliwa, na msimamizi akamwambia kuwa asiyejua kuchapa hawezi kuandika programu. Neno hilo ndilo lililomrudisha nyumbani ameinamisha kichwa.

Nilimjibu upesi kwa methali: haraka haraka haina baraka. Akatabasamu kidogo. "Na chelewa chelewa, Babu?" Sikuwa na la kusema. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha wanafunzi kwamba methali zetu hutembea wawili wawili, na kila moja humkosoa mwenzake. Basi ilinibidi nilifikirie swali lake kwa haki.

Kizazi changu hakikuzikuta kompyuta. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na nilipokuwa chuo cha ualimu mashine pekee ya kuandikia niliyoijua ilikuwa taipureta ya ofisi ya mkuu wa chuo. Aliyeimudu aliheshimiwa. Hata katika miaka ya karibuni, matangazo ya kazi ya katibu mahsusi serikalini yamekuwa yakimtaka mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika moja. Kipimo hicho kina mantiki. Maneno anayoyaandika katibu hutoka kinywani mwa mtu mwingine, na kinywa hakimsubiri.

Lakini mtunzi wa programu anaandika maneno ya nani? Hakuna anayemsomea imla. Analotaka kuliandika halipo mpaka alifikirie. Hapa ndipo njia ya karani na njia ya mtunzi zinapoachana, na sisi wapenzi wa ushairi tunaijua njia panda hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake mengi tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya, na miongo kadhaa baada ya Muyaka kufariki Mwingereza W. E. Taylor akayahifadhi kwa maandishi. Nani kati yetu amewahi kuuliza mkono wa Muyaka ulikuwa na kasi gani?

Hata katika fani yenyewe ya kompyuta mambo yalikuwa hivyo. Enzi za kadi za kutobolewa, katika ofisi nyingi mtunzi aliandika programu yake kwa mkono juu ya karatasi, na mtu mwingine ndiye aliyeketi mashineni kuzitoboa kadi. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1972, miswada yake mingi aliiandika kwa kalamu ya wino.

Nilimkumbusha pia kisa changu. Katika shule moja niliyofundisha, mchapaji wetu alikuwa na vidole vya ajabu. Siku moja nilimpa mtihani ambao nilikuwa nimeandika "waliosoma" badala ya "wasiosoma". Aliuchapa kwenye stensili kwa kasi na usafi, bila kukosea hata herufi moja, na kosa langu likarudufiwa nakala mia moja na ishirini. Kasi haikulisahihisha kosa langu, ililieneza tu.

Nikadhani nimemaliza. Mjukuu wangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Babu, kuchelewa kumaliza hakunisumbui. Nikianza kutafuta mabano na nukta mkato, wazo linakuwa limeshaondoka. Nikiyapata, sikumbuki nilikuwa nafunga nini."

Hapo nilinyamaza, kwa kuwa nilimwona mtoto wa darasa la kwanza. Mtoto anayehangaika kuiumba herufi "g" hufika mwisho wa neno akiwa amesahau sentensi. Nikamwona pia mshairi mchanga anayehesabu mizani kwa vidole: akishahakikisha zimetimia nane, maana imeshamtoroka. Mkono ambao bado unahitaji kufikiriwa huiba fikra iliyokusudiwa kazi nyingine. Ustadi wa mkono ni hatua ile ambayo mkono haudai tena kuangaliwa.

Tena kibodi chenyewe hakikupangwa kwa ajili yetu. Mpangilio wa herufi zake umetokana na mashine ya Christopher Sholes wa Milwaukee, Marekani, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Herufi "a", ambayo Kiswahili hakiwezi kupumua bila hiyo, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote kwa wengi wetu. Herufi "q" na "x", tusizozihitaji, zimepewa nafasi zao kamili. Na kipimo cha "maneno kwa dakika" nacho kina mtego. Neno letu "hawatakuandikia" lina herufi kumi na tano, na Mwingereza angelisema kwa maneno sita. Anayehesabu maneno bila kuhesabu herufi humpunja Mswahili. Ndiyo maana wapimaji makini huhesabu kila mapigo matano kuwa neno moja.

Basi tukaanza. Kila asubuhi, kwa nusu saa, bibi yake alifunika mikono ya mjukuu na kompyuta mpakato kwa kanga, naye akachapa bila kuona. Nilimsomea mashairi yangu ya zamani, polepole. Wiki ya kwanza beti zangu zilitoka kama lugha ya nchi nyingine, tukacheka sote. Wiki ya tatu zilisomeka. Hakuwa na kasi ya kumshinda yeyote, lakini macho yake yalikuwa yameacha kuzikimbilia herufi.

Asubuhi hizo zilinikumbusha mvulana mmoja niliyemfundisha zamani. Aliandika taratibu mno. Kengele ilipolia nilimnyang'anya karatasi yenye majibu manne kati ya kumi, yote manne sahihi kabisa, nikampa alama arobaini na kuandika pembeni "mvivu". Sikuwahi kumuuliza mkono wake ulikuwa na tatizo gani. Msimamizi wa ile ofisi amefanya nililolifanya mimi, nami sina haki ya kumkasirikia sana. Ninachoomba, kwake na kwa walimu wenzangu, ni kwamba tusiuchukulie uzito wa mkono kuwa uzito wa akili. Mkono unafundishika kwa wiki chache. Aliyefukuzwa kwa sababu yake huenda asirudi tena.

Jioni ya mwisho kabla hajapanda gari la Kayanga, nilimtungia ubeti huu, naye akauchapa bila kutazama chini:

Vidole vina haraka, akili yaenda pole,
Wazo likishapikika, ndipo pakua tulile,
Herufi ukizisaka, wazo lakimbia mbele,
Mkono ukizoeka, hukaa kimya milele.

Alikosea herufi moja. Aliigundua mwenyewe kabla sijasema, akairekebisha, kisha akaniuliza maombi ya mafunzo yajayo yanafunguliwa lini.