Karata za Mzee na Wasomaji Wake

Mtu akisimulia maisha yake mwenyewe hudhani kwamba kazi imekwisha anapoweka kalamu chini. Kumbe kazi ya pili, ambayo si yake, ndiyo kwanza inaanza. Wasomaji huja mmoja mmoja, kila mmoja na kipimo chake, nao hawakipimi kitabu peke yake. Humpima na mwandishi, na watu waliotajwa kitabuni, na mara nyingine hujipima wenyewe bila kukusudia. Jambo hili huonekana wazi zaidi kitabu kikiwa cha kuchekesha. Msomaji aweza kuficha huzuni yake, lakini kicheko hakifichiki, na ni vigumu zaidi kuficha kwamba umekataa kucheka.

Nataka kueleza habari za maandiko ya namna hiyo. Hayajapigwa chapa. Ni madaftari manne ya shule yaliyoandikwa kwa mkono na mzee mmoja wa Msata, ambaye jina lake nalisitiri kwa ombi lake. Msata ni njia panda. Barabara itokayo Chalinze kwenda Segera, na kutoka huko kwenda Tanga au Moshi na Arusha, hukutana hapo na barabara ya kilomita 64 itokayo Bagamoyo kupitia Kiwangwa penye mananasi. Nchi ile ni ya Wakwere, na Wazigua na Wadoe ni jirani zao. Lakini penye njia panda hakosekani mtu wa kabila lo lote. Mzee alinipa madaftari yake niyasahihishe tahajia, kisha akaniomba niwasomee watu wengine na kumletea maneno yao bila kuyapaka asali. Nilikubali, nami nimejifunza kwa wasomaji wale mambo ambayo sikuyapata katika miaka mingi ya kufundisha fasihi.

Sura za madaftari yale zimepangwa kwa karata. Si karata hizi tunazochezea barazani, bali zile za kuagulia ambazo Wazungu huziita taroti. Mzee alipokuwa kijana alifanya kazi ya kutandika vitanda katika nyumba moja ya wageni Bagamoyo, na mgeni mmoja akaondoka akaziacha katika mtoto wa meza. Mzee akazihesabu, akapata 78, akadhani ni jozi moja na nusu. Jioni akawapelekea wenzake wacheze albastini. Mchezo ukavunjika mara tu mchezaji mmoja alipotupa picha ya kiunzi cha mifupa kilichopanda farasi, akadai kwamba hiyo inakula zote. Hapana aliyeweza kumpinga.

Kwa hakika vijana wale hawakukosea sana, maana karata hizo zilianza zikiwa mchezo. Zilizuka kaskazini ya Italia katika karne ya 15, na kati ya 78 ziko 22 zenye picha za pekee ambazo zilizishinda nyingine. Habari ya kuagulia ilipata nguvu baadaye. Mwaka 1781 mwanachuoni mmoja wa Ufaransa, Antoine Court de Gébelin, alitangaza kwamba karata hizo ni kitabu cha hekima cha Misri ya kale, ingawa wakati ule hapakuwa na mtu wa Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri. Champollion hakuyafumbua mpaka mwaka 1822. Jozi ijulikanayo zaidi leo ilitolewa London mwaka 1909, ikachorwa na bibi mmoja aitwaye Pamela Colman Smith.

Mwenye kupenda lugha ataona jambo jingine. Karata zetu za barazani huitwa kopa, shupaza, uru na pau. Majina haya tuliachiwa na Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, na kwao maana yake ni vikombe, panga, dhahabu na fimbo. Na hizo ndizo alama nne za karata za taroti. Hata neno letu turufu limetoka kwa Wareno, nao walilipata kutoka jina la Kiitaliano ambalo zamani liliitwa karata za taroti zenyewe. Basi mzee alipozishika karata zile ngeni alikuwa ameshika jamaa wa zamani wa maneno aliyoyasema kila jioni.

Tofauti na mpiga ramli ni kwamba mzee hakuzitumia kutazama mbele. Alizitumia kutazama nyuma. Sura ya kwanza ni Mpumbavu, ambaye katika picha ni kijana mwenye kifurushi begani na mbwa miguuni, akikaribia kutumbukia gengeni. Humo mzee aeleza alivyoondoka kwao kwenda Bagamoyo kwa miguu, bila nauli wala anwani, akifuatwa na mbwa ambaye baada ya mwendo wa saa mbili alitumia akili akarudi nyumbani. Sura ya Mnara ni habari za choo alichojenga mwenyewe kwa udongo bila kutaka ushauri wa fundi, na masika yaliyokuja kumpa ushauri huo bure. Sura ya Mtu Aliyening'inizwa yahusu mwembe wa jirani. Katika kila sura yuko mtu mmoja anayepigwa na kucheka, naye ni mzee mwenyewe.

Sasa nije kwa wasomaji. Wa kwanza alikuwa ustadhi wa madrasa, mtu mpole na msomi. Aliposikia neno karata za kuagulia alirudisha daftari bila kulifungua, akanikumbusha kwamba Sura ya Maida yakataza mishale ya kupigia ramli pamoja na kamari na ulevi. Nikamweleza kwamba hapana uaguzi humo. Akachukua daftari kwa siku tatu. Alipolirudisha alisema, "Mwalimu, huyu mzee hakuagua kitu. Ametubu, ila anatubu huku anacheka, nami sikuwahi kuona toba ya namna hiyo." Sikujua kama alisifu au alilaumu, na nadhani na yeye hakujua.

Wa pili alikuwa dereva wa lori la Tanga, aliyesomewa sura mbili wakati tairi lake linazibwa. Alicheka hadi akashika ubavu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee angeweza kumtolea karata moja kuhusu safari yake. Nilipomwambia kwamba kitabu chenyewe chacheka mambo hayo, alijibu kwamba hilo analijua, lakini karata moja haimdhuru mtu. Wako wengi kama yeye: hucheka ramli mchana na kuihitaji usiku. Jambo hili si geni nchini kwetu. Kabla ya uchaguzi mkuu wa 2010 mnajimu mashuhuri Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alitabiri kwamba mwanachama atakayempinga Rais Jakaya Kikwete katika kuwania uteuzi wa chama chao atakufa ghafla. Kijiji cha Rais huyo ni Msoga, si mbali na Msata. Wapo waliokasirika na wapo waliocheka. Lakini katika waliocheka hawakukosekana waliotazama nyuma kwanza.

Wa tatu walikuwa wanafunzi wangu wawili. Hawa walitaka kujua jambo moja tu: je, haya ni kweli? Kama mbwa alirudi baada ya saa mbili, mzee alipimaje saa naye hakuwa nazo? Waliyalinganisha madaftari na Maisha Yangu ya Shaaban Robert, wakasema kwamba mwandishi wa maisha yake apaswa kuwa na utulivu na nasaha. Wakataja pia Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900, na ambaye habari zake za desturi za Waswahili, pamoja na za waganga, zilipigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903. Yeye, walisema, alieleza mambo ya uganga kwa makini na bila mzaha. Niliwajibu kwamba Mtoro aliwaandikia watu wa mbali ambao hawakuijua desturi, na mzee awaandikia watu wa karibu ambao wameizoea mno. Na mtu aliyezoea kitu hakioni mpaka umchekeshe nacho. Bado naliamini jibu hilo, lakini halikutosha kwa msomaji wa nne.

Msomaji wa nne ni mama mmoja auzaye chakula karibu na kituo cha mabasi. Alikuja Msata kutoka upande wa Shinyanga, naye hajapenda kusema kwa nini. Nilimsomea sura iitwayo Haki, ambayo watu wote waliisifu kuwa ndiyo bora. Katika karata yake amechorwa mtu ameketi, mkono mmoja ana upanga, mkono wa pili mizani. Mzee aeleza humo kwamba alipokuwa mtoto fedha za mtu mmoja mkubwa wa kijijini zilipotea, akaitwa mpiga ramli kutoka mbali. Akatandaza mchanga, maana ramli kwa Kiarabu ndiyo mchanga wenyewe. Akapiga nukta kwa vidole bila kuzihesabu, akazipunguza mbili mbili ili aone palipobaki moja na palipobaki mbili, akajenga maumbo yake, ambayo jumla yake katika elimu hiyo ni 16. Kisha akanyoosha kidole kwa bibi mmoja mjane. Watu wakapiga kelele. Mwezi wa pili fedha zikaonekana ndani ya bitana ya koti la mwenyewe, na mpiga ramli, aliyelipwa kabla, alikwisha panda basi zamani. Sura hiyo imeandikwa kwa ustadi, hasa mahali ambapo mwenye koti ashukuru wazee huku amelivaa.

Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho akichambua mchele. Hakucheka. Akauliza, "Mwalimu, yule bibi alikwenda wapi?"

Nilitazama daftari. Bibi yule alitajwa mara moja tu, wakati kidole kilipomwelekea. Baada ya hapo hakuwamo tena. Nikamwambia kwamba mwandishi hakusema. Akaendelea na mchele wake.

Asomaye habari za nchi hii anajua swali hilo limetoka wapi. Kwa miaka mingi katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kutajwa kuwa wachawi, wengine kwa dalili ya macho mekundu tu, ambayo aghalabu ni kazi ya moshi wa kuni. Watu huiita ramli ya namna hiyo ramli chonganishi. Mwezi wa Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Kwa msomaji aliyetoka katika habari hizo, kidole cha mpiga ramli si mwanzo wa kichekesho.

Nilimpelekea mzee maneno yote, la ustadhi, la dereva, na la wanafunzi, naye alifurahi na kujibu kila moja kwa utani. Nilipofika kwa swali la mama alinyamaza. Baadaye akasema, "Alihama kabla fedha hazijaonekana. Tulisikia yuko ng'ambo ya Wami. Hapana aliyekwenda kumwambia." Akafungua daftari, akalifunga. "Mwanangu, katika karata zote nimejicheka mimi. Hapa sikujicheka mimi."

Ilipita miezi miwili. Mzee aliponiita tena sura ya Haki ilikuwa na nusu ukurasa zaidi. Mpiga ramli yumo bado, na basi lake, na koti lenye bitana. Lakini baada ya koti linafuata jina la bibi yule na la marehemu mumewe, na idadi ya kuku aliowaacha, na jinsi mlango wake ulivyobaki wazi mpaka mvua ikauangusha. Hapana mzaha katika nusu ukurasa ule. Mzee alivuka Wami kuulizia jamaa zake, akampata mjukuu mmoja, akamsomea sura yote kabla ya kunionyesha mimi. Mjukuu alitoa ruhusa ya jina, nami silitaji hapa kwa sababu ruhusa ile ni ya kitabu kile.

Dereva aliporudi alisomewa sura mpya, akalalamika kwamba utamu umekatwa. Wanafunzi walisema kwamba sasa wasadiki hata habari za mbwa. Mama wa chakula alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Mimi naona kwamba dereva ana haki yake, kwa kuwa aliahidiwa kicheko na akakatizwa. Lakini karata inayomwelekea msimuliaji mwenyewe ni mchezo, na inayomwelekea jirani ni ramli, hata ikiwa imepambwa kwa maneno matamu. Mwandishi mcheshi hawezi kuijua tofauti hiyo peke yake, maana wote waliomzunguka hucheka pamoja naye. Humpasa kungoja msomaji mmoja ambaye hakucheka, na kumwuliza kwa nini. Wenzangu tunaokusanya maandiko ya wazee tumezoea kuuliza kama habari ni ya kweli na kama lugha ni safi. Tungeongeza swali la mama yule.

Madaftari yako kwangu, nayo yamesahihishwa. Imesalia sura moja, ya karata ya 21 iitwayo Dunia. Mzee asema ameshindwa kuiandika, kwa sababu dunia bado anaitumia.