Mzigo Nilioutua

Mwili ni nyumba ambayo mtu huhamia kabla hajapata akili ya kuchagua, na huihama bila ya kupewa muda wa kufungasha. Vipimo vya nyumba hii havipangwi na mwenyewe peke yake: damu ya wazazi, chakula cha nchi, kazi ya kukaa na maradhi, vyote huchangia katika kuta zake. Walakini ikiwa kubwa kupita desturi, wapitao njiani humlaumu mwenye nyumba kana kwamba alichonga kila jiwe kwa mkono wake.

Mimi nilikaa katika nyumba kubwa kwa zaidi ya miaka 20. Mwanzoni mwa mwaka 2021, nilipokuwa na umri wa miaka 44, mizani ilisoma kilo 148. Sukari ilipanda katika damu, magoti yalilia kama bawaba kavu, na kila siku pumzi zilinikimbia katika ngazi za shule niliyofundisha mjini Tanga. Nilijaribu kujinyima, nilijaribu kutembea, nilijaribu dawa za miti. Kilo zilitoka kama wageni, zikarudi kama wadai. Mwisho wa majaribu hayo niliupokea ushauri wa madaktari, nikalala chini ya kisu katika hospitali moja ya Dar es Salaam.

Upasuaji wa kupunguza unene si uzushi wa jana. Mwaka 1966 Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuwafupishia wagonjwa wanene njia ya chakula, na tangu wakati huo namna kadha wa kadha zimezaliwa. Namna niliyofanyiwa mimi ni kukata na kutoa kiasi cha asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, na kinachobaki huwa bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo hasa itoayo ghrelini, homoni iitayo njaa. Kwa hiyo tumbo hupungua ukubwa, na mwito wa njaa hupungua sauti. Baada ya hapo mtu hula kwa vijiko, hanywi pamoja na mlo, humeza vitamini na madini maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Katika muda wa miezi 18 nilitua kilo 56.

Watu walipoona nguo zangu zimenizidi walitoa hukumu. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mwema asiyekosa salamu, aliniambia mbele ya wenzetu: “Ndugu yangu, wembamba wako ni wa kununua. Kisu kimefanya kazi, wewe ulikuwa umelala.” Wengine walicheka. Neno lile halikunichoma kwa ukali wake, bali kwa kuwa lilikuwa na swali ndani yake. Mwili huu mpya ulikuwa mali ya nani? Ulikuwa wangu, au ulikuwa kazi ya daktari niliyoivaa?

Kisu kina mpaka wake. Huweza kuondoa tumbo, lakini hakiwezi kuweka nguvu. Mwili unaopungua kwa haraka hauli mafuta yake tu, hula na misuli yake. Mwezi wa sita nilikuwa mwepesi na dhaifu kwa pamoja: nikiinuka kitini mapaja yalitetemeka, na ngozi ya tumbo ilining'inia kama shuka lililosahauliwa kambani. Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo hakuna mtu awezaye kumfanyia mwenziwe.

Nilianza Raskazone, karibu na bahari, kwa mwendo wa nusu saa kila alfajiri. Kisha nilitia mchanga katika mfuko wa mgongoni: kilo mbili, baadaye tano, baadaye kumi. Ngozi niliifunga kwa mkanda wa kitambaa isije ikachubuka. Siku za mapumziko nilipanda basi hadi Mombo, nikatembea katika barabara ipandayo milima ya Usambara kuelekea Soni, nikihesabu kona. Chakula changu kilikuwa yai, samaki, maharage, na uji mzito wa ulezi na karanga, kidogo kidogo mara sita kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba cha misuli hujazwa polepole kuliko vibaba vyote. Mwezi wa Februari 2024, kwa idhini ya daktari, niliandika jina langu katika lango la Marangu nipande Kilimanjaro.

Mlima ule una sheria zake, na tumbo langu lina sheria zake, nami nilihofu kuwa zitagombana. Mlima humtaka mpandaji anywe lita tatu za maji au zaidi kwa siku, na ale vizuri hata kama hana hamu, maana baridi na hewa nyembamba hula nguvu. Tumbo langu hukataa kinachozidi kikombe kwa mara moja. Kiongozi wetu, kijana wa Kichagga mwenye maneno machache, alisikiliza habari yangu hadi mwisho. “Mwalimu,” alisema, “hapa kila mtu hupanda polepole. Wewe utakunywa polepole pia.” Tangu Mandara, mita 2,720, hadi Horombo, mita 3,720, nilikunywa funda mbili kila alipogeuka kunitazama, nikala kipande cha yai kila tulipopumzika. Vijana wawili wa msafara wetu waliotangulia kwa haraka asubuhi walilala na maumivu ya kichwa jioni. Mimi sikuumwa. Kovu lilikuwa limenifundisha adabu ya mlima miaka mitatu kabla sijaukanyaga.

Baada ya Horombo njia huingia katika tambarare iliyo kati ya Mawenzi na Kibo, nchi ya mawe isiyo na mti. Hapo walitupita wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, wamejitwika mizigo vichwani na mabegani. Kanuni za hifadhi zimeweka kilo 20 kuwa kipimo cha mzigo wa mpagazi mmoja. Tuliwapisha njia kwa heshima, na mwenzetu mmoja akasema hajapata kuona watu wenye nguvu kama wale. Niliafiki. Kisha hesabu ilikuja yenyewe: kilo 56 ni karibu mizigo ya wagumu watatu. Mzigo huo niliubeba peke yangu mchana na usiku, sokoni, msikitini na darasani, ngazi baada ya ngazi, pasipo kituo cha kuutua wala mtu wa kunipisha njia. Wagumu hulipwa ujira. Mimi nililipwa kicheko. Walioniita mvivu walimwita mvivu mpagazi asiyepumzika.

Tangu saa ile swali la mwenzangu lilipata jibu. Mwili mnene haukuwa adui wa mwili mwembamba. Ulikuwa mzazi wake. Moyo uliosukuma damu katika kilo 148 ndio huo huo ulionipandisha mlimani. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na mzigo ambao watu hawautambui kuwa mzigo, huo huwaelea kuliko hata usufi.

Usiku wa manane tuliondoka Kibo, mita 4,720. Changarawe ya mteremko ule hupokea hatua moja na kurudisha nusu yake. Kulipopambazuka tulifika Gilman, mita 5,685, katika ukingo wa kreta, jua likitoka nyuma ya Mawenzi. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha Mwenge mwaka 1961, kilikuwa bado mbele yetu. Tumbo langu lilikuwa limekataa maji tangu saa tisa za usiku. Kiongozi alinitazama usoni. “Mwalimu, kwenda tunaweza,” alisema, “lakini kurudi nako ni safari.” Nilikitazama kilele kwa kitambo, kisha nikageuka. Tumbo dogo lilikuwa limenizoeza kusema “imetosha” wakati sahani bado ina chakula kizuri.

Niliporudi Tanga, mwenzangu aliuliza kwa nini sikumaliza. Sikubishana naye. Nilimpa mfuko wangu wenye kilo kumi za mchanga, nikamwomba anibebee hadi ghorofa ya pili. Alifika, akaketi juu ya ngazi ya mwisho, akafuta jasho, na kwa muda hakusema kitu. Kisha aliuliza polepole: “Na wewe ulikuwa na ngapi?”

Simwiti kila mnene kwenye kisu, kwa kuwa kina hatari zake na wapo wasiokihitaji. Wala simwiti kila aliyepasuliwa kwenye mlima. Namwomba msomaji jambo jepesi zaidi: akimwona mtu mkubwa anapanda ngazi taratibu, ampishe njia.